Kuuza Ulicho na Shaka Nacho



Leo nataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo pengine utaliona dogo. Ni jambo la vipande vya karatasi, kila kimoja hakizidi ukubwa wa kucha mbili za kidole gumba. Lakini vipande hivyo vilinikosesha usingizi mimi mtu mzima, mwenye kusomesha watoto fiqhi ya kuuza na kununua kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikasema nikueleze, maana huenda na wewe una sanduku la marehemu wako ambalo bado hujalifungua.

Kaka yangu alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na kitu. Aliacha mjane, binti mkubwa aliyeolewa, na binti mdogo wa miaka kumi na moja. Hakuacha mtoto mwanamume, na wazee wetu na dada yetu walikwisha tangulia. Kwa hiyo mirathi yake ilikwenda kwa mafungu 24: mjane 3, kila binti 8, na mimi ndugu yake 5. Nataja hisabu hii makusudi, ili ujue tangu mwanzo kwamba katika habari hii mimi si hakimu tu. Nami nilikuwa na fungu langu, na mwenye fungu jicho lake huwa na upande.

Ndani ya sanduku lake, chini ya kanzu, tuliikuta albamu ya stempu. Kaka alianza kukusanya stempu tangu alipokuwa mwanafunzi, na mimi mdogo wake nilikuwa nikikaa pembeni nikikatazwa kugusa. Alipopata kazi ya ukarani bandarini aliendelea. Wewe huenda ukauliza, stempu zetu za Unguja zina nini hata zitafutwe na watu wa mbali? Zina historia yetu. Tangu miaka ya 1870 barua za hapa zilikuwa zikisafiri kwa stempu za Bara Hindi. Mwezi wa Novemba 1895 posta ya Unguja ikasimama yenyewe, na kwa kuwa stempu zake khasa zilikuwa bado, zilichukuliwa zile zile za Kihindi zikapigwa chapa juu yake neno "Zanzibar", katika mtambo wa gazeti la serikali. Herufi zilikuwa zikipangwa kwa mkono, na mkono hukosea. Baadhi ya stempu zikatoka na "Zanzidar", nyingine "Zanizbar". Mwaka 1896 ndipo zikatoka stempu zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini.

Zikaja na nyingine baada yake, hata tukafika Disemba 1963, zilipotolewa stempu nne za uhuru. Moja ina mlango wa Kiunguja, moja ina misikiti na makanisa, na moja ina pango la Mangapwani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, posta haikuwa na stempu mpya. Tarehe 17 Januari zikaanza kutumika zile za zamani, zimegongwa kwa mkono muhuri wa "Jamhuri 1964", mara umelala, mara umesimama, mara umekwenda mshazari. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne. Alizinunua mwenyewe dirishani, posta ya Shangani, na nyingine alizibandika juu ya bahasha akajipelekea barua ili zipigwe tarehe. Hizo zote zilikuwemo.

Lakini iliyotuletea mtihani si hizo. Ilikuwa stempu moja ya Kihindi, peke yake katika ukurasa, imeandikwa "Zanzidar".

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yetu, anakaa Uingereza. Alipoletewa picha yake kwa simu alinipigia usiku ule ule. "Mjomba," akasema, "msiiuze hivi hivi. Ipelekeni ikapimwe kwanza." Ndipo aliponieleza mambo ambayo mimi sikuwa nikiyajua. Huko ughaibuni watoto na watu wazima hukusanya kadi za wachezaji mpira na za vikaragosi vya Kijapani, na kadi ikiwa nzuri huipeleka kwa wapimaji. Wako wengi, na mmojawapo mkubwa ni PSA wa Marekani, aliyeanza mwaka 1991. Mpimaji huangalia kama picha imekaa sawa katikati, pembe hazikuchakaa, kingo hazikumeguka, na uso hauna mkwaruzo. Kisha huipa alama 1 hadi 10 na kuifunga ndani ya kifuko kigumu cha plastiki. Kadi mbili za aina moja, hii ikapata 10 na hii ikapata 7, bei zake ni mbingu na ardhi. Katika stempu nako wako wataalamu wa namna hiyo, na walianza zamani zaidi: jumuiya ya wapenda stempu ya London, Royal Philatelic Society, ina kamati ya kazi hiyo tangu mwaka 1894. Hao kazi yao kubwa ni kusema kama kitu ni cha kweli au ni cha kughushi, na kukupa cheti chenye picha yake.

Wakati tunazungumza hayo, dalali mmoja wa mjini alikwisha tuletea mnunuzi, mgeni mtu mzima, mpole, amekuja na kioo chake cha kukuzia. Aliitazama ile "Zanzidar" kwa muda mrefu, kisha akataja bei. Bei yenyewe ilitosha kuezeka upya nyumba ya shemeji yangu kule Mangapwani, ambayo masika yale ilikuwa ikivuja mpaka chumba cha mtoto. Akasema kwa kinywa chake kwamba ananunua kama ilivyo, hatudai cheti, na hatarudi kulalamika.

Sasa msomaji wangu, sikiliza. Chini ya stempu ile kaka alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofunzwa chuoni: imenunuliwa Mombasa mwaka 1971, na nina shaka na maandishi yake. Yule mgeni aliuona mwandiko ule, akausifu uzuri wake. Hakuweza kuusoma. Dalali naye hakuweza. Katika chumba kile aliyeweza kuusoma ni mimi peke yangu.

Nitakwambia kweli, maana sioni faida ya kuandika makala ya maadili nikajivika kilemba cha mtu mwingine. Nafsi yangu ilianza kunifundisha fiqhi. Ikaniambia: shaka si yakini. Ikaniambia: mnunuzi ni mjuzi kukushinda, naye ameridhika. Ikaniambia: huyu ni yatima anayevujiwa, si starehe yako. Na mwisho ikanikumbusha kwamba mimi sikuulizwa kitu. Ndugu yangu, jihadhari na nafsi inapokuwa mwanachuoni!

Nikaomba ruhusa ya siku moja. Usiku nikafikiri habari mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwa mwuza nafaka, akaingiza mkono wake katikati ya rundo, vidole vikatoka na umajimaji. Yule mtu akatoa udhuru kwamba ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini ile iliyorowa hakuiweka juu watu wakaiona. Na mimi nilikuwa nayo mvua yangu, nimeifunika kwa herufi nzuri. Nikakumbuka pia niliyokuwa nikiwasomesha vijana katika mlango wa khiyari ya aibu: mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake akaificha, sharti la "nunua kama ilivyo" halimsafishi. Na mwenye shaka naye anajua kitu. Anajua kwamba ana shaka. Kitu hicho mwenziwe hakijui, na lau angekijua pengine asingetoa bei ile.

Asubuhi nikamsomea mgeni yale maandishi, neno kwa neno. Akanyamaza. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba kama ni hivyo basi tupate cheti kwanza, na akaenda zake. Dalali alinitazama kama mtu aliyemwona mwenziwe akitupa pesa baharini.

Hapo ndipo lilipokuja swali la mpwa wangu: tuipeleke ikapimwe au tusiipeleke? Nataka uone kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza lilikuwa la kusema tunachokijua, nalo halina ada wala halihitaji posta. Watu wengi huyachanganya haya mawili. Husema, "Mimi si mtaalamu, sina cheti, basi sina la kusema." La! Cheti ni cha kile usichokijua. Ulichokijua kiseme leo.

Tulikaa wote kule Mangapwani tukapima mambo matatu. La kwanza, gharama. Ada hutozwa kwa kila stempu, na juu yake kuna posta ya amana kwenda na kurudi. Zile stempu za Jamhuri ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini nyingi zake ni za bei ndogo; ada ingezimeza. Hizo tukakubaliana zisiende. Ile "Zanzidar" ikiwa ya kweli ilistahiki gharama, maana watu wameghushi sana chapa zile za 1895 kwa sababu hiyo hiyo ya bei. La pili, mali ya nani iingie hatarini? Fungu la yatima halichezewi bahati nasibu. Basi ada tukatoa mimi na binti mkubwa, na tukaandikiana kwamba ikipotea imepotea kwetu. La tatu, na hili ndilo zito: jawabu likija baya, tuko tayari kuishi nalo? Maana wako wanaopeleka kitu, wakaambiwa si cha kweli, wakakichana cheti na kukiuza kitu mahali pengine kwa mtu mwingine. Huyo bora asingeuliza. Kwanza alikuwa na shaka, sasa ana yakini, na dhambi yake imekomaa.

Shemeji yangu alikuwa kimya muda wote akichambua mchele. Akasema, "Shemeji, yeye mwenyewe aliandika ana shaka. Mimi nitaezekaje nyumba kwa kumkadhibisha?" Hapo shauri likesha.

Tuliipeleka kwa kamati moja ya wataalamu huko Uingereza. Miezi ikapita, mvua za vuli zikaja, ndoo zikawekwa chini ya paa. Jawabu likafika: stempu ni ya kweli ya Bara Hindi, maandishi yaliyopigwa juu yake ni ya kughushi. Kaka hakukosea. Nilimsomea mjane, akasema "Alhamdulillahi," akainuka kwenda kumwaga ndoo. Sikuweza kumtazama usoni kwa kitambo.

Zilizobaki tuliziuza kwa mpenda stempu mwingine, baada ya kumweleza kila kitu: ipi kaka aliinunua mwenyewe dirishani, ipi ina madoa ya unyevu, ipi hatuijui asili yake. Bei ilikuwa ya kawaida. Tukagawa mafungu yetu. Ilitosha nusu ya bati. Nusu nyingine ilikuja baadaye, kidogo kidogo. Ile ya kughushi hatukuiuza, iko kwangu pamoja na cheti chake. Binti mdogo yeye alichagua kitu kimoja katika fungu lake kisiuzwe: stempu yenye pango la Mangapwani. "Ami," aliniuliza, "waliijuaje kwetu?"

Basi ndugu msomaji, ukiwa na vitu vya namna hii, stempu, sarafu au kadi za watoto wako, nakuusia machache. Usivisafishe wala usiibandue stempu kwenye bahasha yake, maana huenda ukaondoa ushahidi wenyewe. Viweke pakavu, unyevu wetu wa masika hauna huruma na karatasi. Usitumie ada kubwa kupimia kitu kidogo kwa tamaa ya alama. Ukiona kinastahiki, kipeleke, lakini uweke nia kabla ya kukipeleka kwamba jawabu lolote litakalokuja utalisema. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba kilicho na shaka nacho huuzika kwa halali, ila kiuzwe pamoja na shaka yake.

Wala usidhani mizani ni ya wauza unga na sukari tu. Sura nzima imeteremka juu ya wapunjao vipimo, na kumnyima mwenzio habari uliyonayo ni kupunja vile vile. Siku ile pale chumbani, kipimo kilikuwa mkononi mwangu, kwa herufi nilizozijua mimi peke yangu. Namshukuru Mungu aliyenipa siku moja ya kufikiri.