"Wewe Umemwona?"

Mzee wa Jego, karibu na Vanga, akiletewa habari kwamba ndovu ameingia shambani, haulizi kwanza ukubwa wake. Huuliza, "Wewe umemwona?" Swali hilo ni fupi, lakini faida yake ni kubwa.

Katika mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia Yongle, Mfalme wa China, twiga aliye hai. Watu wa huko walimtazama kwa macho yao, lakini wakamwita qilin, yaani mnyama wa heri aliyetajwa katika vitabu vyao vya kale. Walimwona yule waliyemtarajia.

Miaka 100 baadaye, mwezi wa Mei 1515, kifaru kutoka Bara Hindi aliteremshwa Lisbon, katika nchi ya Ureno. Habari zake zilimfikia kwa barua na mchoro Albrecht Dürer, fundi wa picha aliyekaa Nuremberg, Ujerumani. Dürer hakumwona kifaru huyo hata mara moja. Hata hivyo alimchora, akamtia pembe ndogo mabegani, na picha ikapigwa chapa ikaenea Ulaya. Kifaru mwenyewe alizama baharini mwanzo wa mwaka 1516, akiwa katika minyororo, njiani kupelekwa kwa Papa wa Roma. Pembe ile ya uongo ilidumu vitabuni zaidi ya miaka 200.

Mnyama aliyefungwa hawezi kujitetea, wala mtu anayesemwa hali hayupo. Basi apokeaye habari na aulize kama yule mzee, kabla hajaipeleka kwa jirani.