Wasichana Wetu Nao Wachorwe

Wazee wenzangu wa Thika hulalamika kwamba wajukuu wetu wamemezwa na katuni za Kijapani. Mimi silalamiki. Niliketi na mjukuu wangu nikatazama Attack No. 1, ile ya wasichana wa shule wanaocheza voliboli, nikaelewa kinachomshika. Kozue Ayuhara anaanguka, analia, kisha anainuka kuokoa mpira mwingine. “Shosho, huyu hakati tamaa,” akaniambia. Nami nimewaona wa namna hiyo hapa kwetu.

Katuni hiyo ina mizizi. Mwaka 1964, Olimpiki ilipofanyika Tokyo, wanawake wa Japani waliwafunga Wasovieti wakatwaa dhahabu ya voliboli. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya nguo ya Nichibo. Wakimaliza kazi, kocha Hirobumi Daimatsu aliwafanyisha mazoezi hadi usiku mkubwa. Baada ya ushindi huo mchoraji Chikako Urano akachora hadithi ya Kozue, na mwaka 1969 ikaingia kwenye televisheni. Mtu wa Thika hahitaji kufasiriwa mambo hayo. Tumeishi na akina mama waliotoka zamu ya usiku kwenye viwanda vya nguo, masikio yakivuma bado, wakapitia sokoni kwanza ndipo wafike nyumbani kupika.

Ruiru nako kuna chuo cha askari magereza. Timu ya voliboli ya wanawake ya idara ya magereza, Kenya Prisons, imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika zaidi ya mara moja. Hawa ni wanawake wenye sare, zamu na watoto, ambao baada ya hayo yote huruka kwenye wavu. Ni nini zaidi mchoraji angetaka?

Na Mjapani mwenyewe yumo katika hadithi yetu. Sadatoshi Sugawara ndiye aliyekuwa kocha Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sydney, mwaka 2000, na tena Athens mwaka 2004. Halafu mwaka 2021 wasichana wetu wakakutana na Japani huko Tokyo, na mwaka 2024 wakakutana nayo tena Paris. Mara zote mbili tulifungwa seti tatu kwa nunge. Haidhuru. Katuni anayoipenda mjukuu wangu imejaa mechi za kushindwa, na ndizo zinazomfanya asilale.

Wajapani walingoja miaka mitano tu tangu ile dhahabu hadi katuni ikaonekana. Sisi, tangu Sydney, tumepitisha zaidi ya miaka ishirini. Kizazi changu kilimwambia msichana aache mpira akateke maji, kwa hiyo hakingeweza kuichora hadithi hii. Hiki cha sasa kinaweza: naona vijana wa Juja na Ruiru wakichora kwa simu, wakiunganisha picha zikatembea, wakijua sura ya mtu aliyechoka inakaaje. Sitaki waache katuni. Nataka wazitengeneze.

Lakini wafanye haraka. Janet Wanja, seta wa kikosi cha Athens, alifariki Desemba 2024, na aliyoyajua ameondoka nayo. Wenzake wapo. Waendewe, waulizwe mazoezi yalianza saa ngapi, Sugawara aliwakemea kwa lugha gani, nani alibaki na watoto wao, na usiku wa kuamkia mechi ya kwanza kama kuna aliyepata usingizi.