Mtumbwi Usio na Watu

Ukiingia duka la vifaa vya shule Mbinga mjini ukaomba kitabu cha kuchora cha mtoto, mara nyingi utapewa kitabu cha kupaka rangi. Picha zimeshachorwa tayari kwa mistari myeusi: tufaha, nyumba yenye bomba la moshi, samaki mnene mwenye macho ya duara. Pembeni yupo samaki yuleyule, mdogo, keshapakwa rangi ya machungwa ili mtoto aone jibu. Kazi iliyobaki ni kutotoka nje ya mstari.

Sina ugomvi na kupaka rangi. Mkono wa mtoto wa miaka minne unahitaji mazoezi ya kushika penseli, na kujaza picha kunatuliza. Ninachouliza ni kimoja tu: kwa nini tunakiita kitabu cha kuchora wakati mtoto hachori kitu?

Swali hili lilinikaa zaidi nilipoanza kwenda mara kwa mara Mbamba Bay, kwa kaka yangu. Kutoka Mbinga ni kilomita 66 za kona na mteremko. Huko juu unaacha kahawa na ngoro za Wamatengo. Ngoro zenyewe ni mchoro, ukiziangalia vizuri. Mkulima anafyeka nyasi, anazilaza kwa mistari inayokatana kwenye mteremko, kisha udongo wa katikati unachimbwa na kufunika zile nyasi, mpaka mlima mzima unafanana na sega la nyuki. Mashimo yanashika maji ya mvua na udongo hausombwi. Chini ziwani, kwenye miamba, wapo samaki wa mapambo ambao dunia inawaita mbuna: wa bluu wenye milia myeusi, wa njano, wengine wa rangi ambazo sijui nizitaje vipi. Watu wa nchi za mbali wanawanunua wawafuge kwenye matangi ya vioo. Mtoto anayeoga pale anawaona bure. Halafu anafungua kitabu, anaambiwa samaki ni wa rangi ya machungwa.

Binti wa kaka yangu ana miaka minane. Likizo moja nilimpa daftari na penseli, nikamwambia achore chochote anachotaka.

"Shangazi, mimi sijui kuchora. Nipe picha nipake."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekwambia yeye hali pilipili. Miaka minane tu, na keshajipanga upande wa wasioweza! Mimi ni mwandishi wa habari, nakula kwa kuwauliza watu wameona nini. Mtoto anayeamini kwamba picha zinatoka kwa watu wengine, yeye kazi yake ni kuzijaza, kwangu ni jambo la kukosesha usingizi.

Wenzetu waliliwaza hili zamani. Mwaka 1978 Susan Striker na Edward Kimmel walichapisha Marekani kitabu walichokiita The Anti-Coloring Book, yaani kitabu cha kupinga vitabu vya kupaka rangi. Kila ukurasa unaanzisha picha na kumwachia mtoto aimalize anavyoona yeye. Hakuna jibu pembeni.

Basi nikatengeneza cha kwetu. Nilikunja karatasi, nikazipiga pini, kila ukurasa nikaanzisha kitu. Mteremko wenye mistari miwili ya ngoro: endelea. Wavu uliojaa: umeshika nini? Ukurasa wa nne niliweka mtumbwi, chini yake nikaandika: Nani yumo?

Ule wa nne aliuchora muda mrefu, lakini mtumbwi ukabaki mtupu. Watu watatu aliwaweka mchangani, wamekaa, mmoja kajifunika shuka. Ziwa alilijaza mistari iliyopinda. Baba yake akachungulia.

"Mama, mbona hujamaliza?"

"Nimemaliza, baba. Upepo umekataa. Leo hamuendi."

Kaka akanyamaza. Upepo wa kusini ulikuwa umewaweka nchi kavu usiku wa tatu huo, na nyumbani tulikuwa tunakula ugali kwa maharage badala ya usipa, bila mtu mzima yeyote kulisema. Mtoto alikuwa amelisema.

Wapo watakaoniambia: si uondoe tufaha uweke embe, yaishe? Hayaishi. Embe lililokwisha kuchorwa bado linamwambia mtoto kwamba mwenye kuona ni mwingine.

Na kuiga si dhambi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa mkoa huuhuu wa Ruvuma, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Alifariki mwaka 1972. Waliomfuata walijifunza kwa kumtazama na kumwiga, na mtindo unaishi hadi leo kwa jina lake. Mwaka huohuo Ed Emberley wa Marekani alitoa Make a World, kinachomwonyesha mtoto hatua kwa hatua jinsi duara na pembetatu zinavyozaa magari na wanyama. Huko pia mtoto anaiga, lakini akifunga kitabu anabaki na ufundi mkononi. Akimaliza kile cha kupaka rangi, anabaki kusubiri anunuliwe kingine.

Kwa hadithi tumepiga hatua. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza nchini mwaka 1991, na leo mtoto anaweza kusoma kisa cha kijiji kinachofanana na chake. Wachapishaji wangu wapendwa, tupeni na vya kuchora.

Wakati tunasubiri, hesabu ni rahisi. Rimu moja ina karatasi 500. Kunja 10 katikati, piga pini, una kitabu cha kurasa 40. Rimu nzima inatoa vitabu 50, darasa zima hilo. Kila ukurasa anzisha kitu kidogo ambacho watoto wa hapo wanakijua, halafu nyamaza. Ukurasa wa mwisho uache mweupe kabisa. Kwa kaka yangu, huo ndio binamu wanaougombania siku hizi.