Safari ya Salale: Meli Iliyo Topeni na Njia ya Kuifikia

Mwenye kutazama ramani ya nchi yetu ataona jinsi Mto Rufiji unavyogawanyika kabla haujafika baharini, mfano wa vidole vya mkono uliokunjuliwa. Kati ya vidole hivyo pana msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote iliyo mahali pamoja katika Afrika Mashariki, na humo ndimo zilimotoka kwa miaka mingi boriti za kujengea majumba ya mwambao na ya Arabuni. Humo pia, karibu na Salale, ndimo ilimolala manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Sisi tunaofundisha Qur'ani huko Mbwara tumewasikia wazee wakiitaja tangu tungali wadogo. Tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu safari tuliyoifanya pamoja na wanafunzi kwenda mahali ilipo, na hasa kuwaeleza habari ya njia ya kuifikia kwa wale ambao Mwenyezi Mungu hakuwajaalia miguu yenye nguvu au macho yenye kuona.

Kwanza yafaa tuijue meli yenyewe. Königsberg ilishushwa majini mwaka 1905. Urefu wake ulikuwa mita 115, nayo ilikuwa na dohani tatu na mizinga mikubwa 10. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, iliingia ghafula katika bandari ya Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, ikaizamisha manowari ya Waingereza iliyoitwa Pegasus. Kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza waliitafuta hata wakaipata, wakaziba milango ya mto, wakaleta na ndege za kuichungulia kutoka juu, ambazo siku zile zilikuwa kitu kigeni kabisa machoni pa watu. Mwezi wa Julai 1915 walileta meli mbili zenye chini bapa, Severn na Mersey, ziwezazo kupita katika maji haba. Tarehe 6 Julai hazikufaulu. Tarehe 11 Julai ziliipiga hata ikashika moto, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe isije ikatekwa. Mizinga yake ikatolewa majini, ikavutwa nchi kavu kwa mikono na mabega ya watu wetu, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaingizwa tena vitani.

Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa ile Pegasus, alinunua kwa paundi 200 haki ya kuchukua mali na vyuma vilivyobaki. Walimfuata wengine wengi wakikata na kuchukua, hata mwaka 1966 gamba la meli likaporomoka na kuzama chini ya mto. Basi mgeni aendaye leo asitaraji kuona sitaha wala dohani. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini. Meli yenyewe haimo katika nyumba ya makumbusho. Imo topeni, na mlango wake ni maji ya kujaa na kupwa.

Tulikuwa watu kumi na sita. Miongoni mwetu alikuwako mvulana wa miaka kumi na mitatu, ambaye miguu yake imepooza tangu utotoni, naye huenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono. Alikuwako pia mwalimu mwenzetu asiyeona, hafidhi aliyeihifadhi Qur'ani yote. Baadhi ya wazazi walitushauri tuwaache hao wawili nyumbani, kisha tukirudi tuwasimulie tuliyoyaona. Walisema hayo kwa huruma, wala hatukuwalaumu. Lakini mama wa yule mvulana alituambia maneno machache: "Maalim, mwanangu amesimuliwa mengi. Mchukueni na yeye, safari hii akasimulie yeye."

Neno hilo lilitufanya tujiandae kwa namna nyingine. Jambo la kwanza, wanafunzi walifinyanga mfano wa meli kwa udongo wa mfinyanzi, wenye dohani zake tatu na mizinga yake, ili hafidhi aipapase na kuijua umbo. Jambo la pili, tulipima kamba ya mita 115, tukaitandaza uwanjani mbele ya madrasa. Hafidhi alitembea akiishika kutoka mwanzo hata mwisho, na mvulana akaendesha baiskeli yake kandokando yake. Alipofika mwisho alisimama akageuka nyuma, akasema, "Kumbe ilikuwa kubwa kuliko msikiti na nyumba za jirani zake zote!" Hata wale wenye macho mazima na miguu mizima hawakuwa wamelijua hilo kabla ya kuiona kamba.

Jambo la tatu lilikuwa hesabu ya maji. Nahodha wa mashua ya mashine tuliyoikodi alitupigia simu akatuambia, "Maalim, kama mna mtu wa magurudumu, msije siku yoyote mtakayo. Njooni siku itakayotakiwa na maji." Watu wa pwani wanalijua jambo hili, lakini kwa ajili ya wasomaji wa bara tutalieleza. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katika siku za kati huwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka mno. Katika bamvua maji ya pwani yetu hupanda zaidi ya mita 3. Yakiwa yamejaa, mashua husimama sawa na ukingo wa mto. Yakiwa yamekupwa, kati ya mashua na nchi kavu hubaki mteremko wa tope la kufika magotini. Lakini siku ya bamvua yenyewe maji hujaa sana alfajiri na alasiri, na msafiri akiyangoja ya alasiri atarudi usiku. Kwa hiyo tulichagua tarehe 12 ya mwezi mwandamo, ambapo maji huwa makubwa ya kutosha na hujaa mchana. Kalenda ile ile tunayohesabia funga na Idi ndiyo iliyotupatia njia ya baiskeli.

Tulipanda gari mpaka Kibiti, na kutoka hapo mpaka Nyamisati, bandari wanayopandia pia wasafiri wa Mafia. Maji yalikuwa yangali yakipanda tulipoondoka. Njiani tulipita mahali pa kushukia abiria pasipo na gati. Bibi mmoja mtu mzima, mwenye miguu mibovu, alikuwa akishushwa kutoka katika mtumbwi juu ya mgongo wa kijana. Kijana alizama topeni hata magotini, akayumba, na mtandio wa bibi ukaanguka matopeni mbele ya watu wote. Hapana aliyecheka. Yule kijana alifanya wema mkubwa, na Mwenyezi Mungu atamlipa. Hata hivyo tuliuona uso wa yule bibi, tukaelewa kwamba kusaidiwa na kuhifadhiwa heshima ni mambo mawili. Mvulana wetu aliinama akasema polepole kwamba yeye akibebwa hivyo, afadhali abaki chomboni.

Tulifika Salale maji yakiwa yamejaa. Nahodha aliegemeza omo ya mashua ukingoni, akalaza ubao mpana uliopigiliwa vipande vya mti kwa chini usiteleze. Sisi tuliushika ubao pande mbili. Mvulana akashuka juu ya baiskeli yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akawaamkia wazee shikamoo akiwa amekaa wima kama mgeni mwingine yeyote. Mzee mmoja wa hapo alitueleza kwamba utotoni mwake aliviona vyuma vya manowari vikichungulia majini. Mvulana alimwuliza maswali mengi kuliko wote.

Kisha tukarudi chomboni, tukaenda mpaka mahali panaposemwa kuwa meli imelala. Nahodha alizima mashine. Hafidhi aliomba upondo, akauteremsha majini mpaka akausikia unaingia katika tope laini, akauacha hapo kitambo bila ya kusema neno. Halafu akatuuliza mto unaelekea upande gani, na bahari iko wapi, na Severn na Mersey zilitokea wapi. Tulipokuwa tukimjibu, wanafunzi walitambua kwamba wao walikuwa wakiyatazama maji tu, wala hawakuwa wameyajua hayo aliyoyauliza. Lakini hatukuweza kukaa sana. Maji yalianza kutoka, na nahodha akatuonya kwamba tukichelewa, ubao ule utakuwa mlima.

Huenda mtu akasema kwamba meli za kale hazikujengwa kwa ajili ya watu wasiotembea, na kwamba haiwezekani kuzibadili. Hiyo si hoja. Huko Bristol, Uingereza, iko meli ya chuma iitwayo Great Britain, iliyoshushwa majini mwaka 1843, ikarudishwa mwaka 1970 kutoka visiwa vya Falkland ikiwa gofu. Leo ni makumbusho, na imewekewa lifti na njia za mteremko, hata mtu wa kiti cha magurudumu huingia ndani yake. Tena tusiseme kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilisifika kwa lifti yake, na katika siku zake za makumbusho iliwekwa ndani yake mfano wa mtepe, chombo cha kale cha kushonwa kwa kamba. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Yatupasa kutumaini kwamba kila nyumba ya ukumbusho inayojengwa au kujengwa upya itakumbuka ngazi zake zitampandisha nani na kumwacha nani.

Dini yetu imekwisha kutufundisha jambo hili. Wasomaji wanaijua sababu ya kushuka kwa Surat Abasa, na habari ya Abdullahi bin Ummi Maktum, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliyekuwa haoni. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfanya mwadhini, na alimwachia Madina alipotoka safarini. Sheria ya nchi nayo imesema. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 chataja makumbusho na mahali pa ukumbusho. Na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Sasa lifanyike nini Salale? Mafundi hushika kipimo kwamba njia ya magurudumu, ikipanda sentimita 1, iwe na urefu wa sentimita 12. Basi maji yakishuka mita 3, mteremko wa kufaa utahitaji mita 36. Hiyo ni gati ya mbao isiyo ndefu hata theluthi ya meli yenyewe, nayo ingetumika saa zote, wala si saa mbili za maji kujaa peke yake. Ijengwe kwa idhini ya wenye mamlaka ya misitu, kwa kuwa mikoko haikatwi ovyo. Iwe na upana wa kupita kiti cha magurudumu, na kingo pembeni. Mwisho wake uwekwe mfano wa meli wa kupapasa kwa mkono. Na kabla gati haijajengwa, kila nahodha achukuaye wageni aweza kuwa na ubao mpana, na kila mwalimu aweza kuitazama kalenda.

Gati hiyo haitakuwa ya wageni wa makumbusho tu. Yule bibi mwenye miguu mibovu ataipita aendapo hospitali, na mja mzito ataipita, na mgonjwa, na mzee aendaye kuzika nduguye. Manowari imelala topeni zaidi ya miaka mia moja, na itaendelea kungoja. Lakini yule bibi hushuka topeni kila aendapo safari. Wazazi, nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, mkipanga ziara ya kwenda mahali popote pa ukumbusho, ulizeni kwanza njia ya asiyetembea na ya asiyeona, kisha ndipo mpange siku.

Wabillahi taufiki.