Nyaya Nilizouza kwa Kilo

Fundi hakukosea. Natanguliza hilo kwa sababu baadhi ya akina mama wa samaki waliokuwa ndani ya gari usiku ule mpaka leo wanaamini alikosea yeye, na habari hiyo waliipata kwangu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya petroli, Series IIA, niliyoachiwa na baba mdogo. Kazi yake haijabadilika tangu enzi za marehemu: kushuka Ziwa Jipe, kupakia perege na kambale, kuwapeleka Kifaru kwenye barabara ya Moshi na Tanga, na kurudi na saruji, pumba na yeyote aliyekosa usafiri. Siku za kazi huliendesha kijana wetu wa nyumbani. Mimi, mwalimu wa fizikia, nalishika wikiendi na likizo. Njia ile ina tembo. Wanavuka kutoka Tsavo Magharibi upande wa Kenya, na giza likishaingia unamwona tembo pale tu taa zako zinapomfikia. Kwa hiyo taa ya kushoto ilipoanza kufifia, na panya nao wakawa wameshatafuna nyaya nyuma ya dashibodi, sikuona sababu ya kusubiri.

Mafundi wanaiita waringi: nyaya zote za gari zikiwa zimefungwa pamoja, shina moja lenye matawi. Kuna tawi la taa za mbele, la dashibodi, la injini, na moja refu linalopita ndani ya chesisi mpaka taa za nyuma. Ya kwetu ilikuwa imekauka. Ukiukunja waya, plastiki inapasuka kama ganda la karanga.

Fundi ni mzee wa Mwanga mjini aliyeanza kushika spana kabla mimi sijaanza shule. Aliikagua kwa tochi, akaizima tochi.

"Mwalimu, tusiitoe yote kwa mkupuo. Nitafungua tawi moja moja, nichore, nifunge jipya."

"Itachukua muda gani, mzee?"

"Wiki mbili. Tatu, nikikosa rangi."

Wiki tatu sikuwa nazo. Oktoba ile ya 2024 Arusha ilikuwa na tamasha la Land Rover, na nia ilikuwa kupanga msafara mrefu wa kuvunja rekodi iliyokuwa Ujerumani. Nilishawatangazia walimu wenzangu kwamba nitakuwemo. Nilishanunua na kofia. Nikamwambia fundi nitaagiza waringi kamili kutoka Uingereza, ikifika aivishe kwa siku moja.

"Umesoma namba ya chesisi?"

"Kadi inasema 1972."

"Kadi ni ya serikali, Mwalimu. Chesisi ni ya gari."

Nilicheka, kicheko kile cha mtu mwenye digrii akiongea na mtu asiyekuwa nayo. Sina namna nzuri zaidi ya kukieleza.

Muuzaji aliniuliza mambo matatu tu: namba ya chesisi, petroli au dizeli, dainamo au altaneta. Nilimjibu nikiwa nimekaa ofisi ya walimu. Series III ilianza kutoka mwishoni mwa 1971. Kadi yangu ni ya 1972. Basi, gari langu ni Series III. Series III ina altaneta; basi nikajaza altaneta. Penye namba ya chesisi nikaandika kwamba nitaituma baadaye, kisha nikalipa. Bei yake ilikuwa kama ndama wawili. Na gari lilikuwa limeegeshwa nyumbani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na dainamo lake, refu kama chupa ya chai, nilikuwa nikilitazama kila nikifungua boneti kwa miaka minane.

Kadi iliandika mwaka gari lilipoandikishwa. Lilitengenezwa kabla ya hapo. Namba yake imegongwa kwenye chesisi, mbele kulia, jirani na springi. Siku nilipoinama na kufuta tope kwa kitambaa ilinichukua dakika mbili kuisoma, nayo inaanza na 252. Ya Series III ingeanza na 9. Lakini niliinama nimeshachelewa.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko hilo, nalo nililifanya kwa furaha. Jumamosi moja, nikisubiri mzigo, nilichukua plaizi nikaikata waringi ya zamani yote, tawi kwa tawi, ili fundi asipate kisingizio cha kuchora. Vijana wa chuma chakavu walipita na mizani yao. Ilitoka kilo mbili na robo. Walikwenda kuichoma nyuma ya maduka ili plastiki itoke ibaki shaba, na ule moshi mweusi niliutazama nikijiona nimefanya kazi. Kumbe nilikuwa nimewauzia ramani ya gari.

Mzigo ukafika. Waringi ilikuwa nzuri, laini, inanukia upya, na rangi zake ndizo zilizonimaliza. Magari ya Kiingereza ya enzi zile yalitumia utaratibu mmoja wa rangi: kahawia ni umeme unaotoka moja kwa moja kwenye betri, nyeupe ni uliopita swichi ya ufunguo, kijani ni uliopita fyuzi baada ya hapo, nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Series IIA na Series III zinafuata utaratibu huohuo. Nilipoona rangi zinafanana na mabaki yaliyosalia kwenye gari, nikasema si unaona, ni yenyewe.

Tulipoitandaza juu ya gari mambo yakaonekana. Series IIA ina geji katikati ya dashibodi. Series III imezihamishia mbele ya dereva. Tawi la dashibodi likatokea mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuunga. Plagi ya swichi ya taa ilikuwa ya mkono wa kwenye usukani, mkono ambao gari langu halina. Na upande wa chaji waringi ilikuja na plagi ya altaneta, wakati dainamo langu linahitaji nyaya mbili ziende kwenye katauti.

"Rudisha," fundi alisema.

"Tutaunga tu, mzee."

"Mimi hiyo siungi."

Akafunga boksi lake. Basi nikaiunga mwenyewe, nyumbani, kijana akinimulikia. Nimefundisha saketi kwa miaka kumi na tisa.

Wasiolijua dainamo nawaeleza kwa kifupi. Haliwezi kuachwa liungane na betri muda wote. Katikati huwekwa katauti, kiboksi chenye koili na pointi, chenye kazi mbili: kupunguza chaji isizidi, na kukata njia injini inapozima ili umeme wa betri usirudi nyuma kwenye dainamo. Altaneta haihitaji kiboksi hicho, na waringi yangu mpya haikuwa na mahali pake. Nikakifungua nikakiweka kabatini. Nyaya mbili za dainamo nikazisokota pamoja kwenye waya mnene wa kahawia, nikazungushia tepu. Injini ikawaka, taa zikang'aa. Kijana alipiga makofi.

Jioni ya safari ya kwanza tulikuwa karibu na Kigonigoni, akina mama watano nyuma na mabeseni yao. Nilianza kusikia harufu ya yai viza. Ilikuwa betri, imejazwa chaji kupita kiasi, asidi inachemka. Nikasimama, nikazima injini ili nitazame. Moshi ulianza hapo, injini ikiwa imezimwa. Umeme wote wa betri ulikuwa unarudi kwenye dainamo, na waya wa kahawia ulikuwa unalainika kama mshumaa. Niling'oa kichwa cha betri kwa mkono mtupu. Alama iko kwenye kidole gumba mpaka leo.

"Mwalimu, kulikoni?" mmoja akaniuliza gizani.

"Fundi ameniharibia gari."

Sikufikiri. Ilitoka tu, kama vile ilikuwa inasubiri mlangoni. Na baada ya kuisema niliikuta inanifaa, nikairudia Kifaru, nikairudia shuleni. Samaki walilala hapo bila barafu, asubuhi hawakuuzika. Nililipa samaki. Lakini watu wawili wenye magari ya kubeba mizigo walihamia kwa fundi mwingine, na hilo sikulilipa.

Nilipomrudia mzee hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja: "Ya zamani iko wapi?" Nilipomwambia nimeiuza kwa kilo alinyamaza muda mrefu.

Alipanda Usangi kwa mtu mwenye IIA kama yangu, akapima kila tawi kwa kamba ya katani, akipiga fundo kila panapochepuka waya. Akarudi, akagongelea misumari kwenye plaiwudi akifuata yale mafundo, akaanza kutandika nyaya za magari alizonunua Moshi. Rangi hazikutosha, kwa hiyo mwisho wa kila waya aliuzungushia uzi wa kushonea wa rangi inayostahili. Katauti ilitoka kabatini. Ilikuwa kazi ya wiki tano, na tamasha la Arusha likapita.

Taa ya kushoto iliendelea kufifia hata na waringi mpya. Mzee akaifungua, akakwangua unga mweupe pale bodi ya aluminiamu inapogusana na chuma, akafunga waya wa ethi mpaka kwenye chesisi. Ikawaka sawa na mwenzake. Ile taa iliyonifanya nianze haya yote ilikuwa na tatizo la robo saa.

Akina mama wawili nimeshawaeleza ana kwa ana. Watatu waliobaki, na wale wenye magari waliohama, wapokee maelezo yangu hapa: waya uliounguza gari niliusokota mimi, na fundi alikataa kuugusa.

Ile waringi kutoka Uingereza, isipokuwa pale palipoungua, bado ni nzima, imetundikwa stoo. Mwenye 109 ya Series III ya petroli aje aichukue bure. Aje na namba ya chesisi aliyoisoma kwa macho yake, na ianze na 9.