Mama Aliyeacha Kisomo



Leo nataka kukueleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua kwa kuchelewa. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Nazunguka vijijini, katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, nikikagua madarasa ya kisomo na mara nyingine nikifundisha mwenyewe. Katika darasa moja nilifanya kosa.

Darasa hilo lilikuwa katika chumba cha shule ya msingi. Tulianza saa 10 jioni, watu wakiwa wamekwisha kukata majani ya ng'ombe. Alikuwapo mama mmoja aliyekuja kila siku na mtoto wake wa kiume, umri wake kama miaka 8. Mtoto huyo hakuwa akisema. Ukimwita jina lake hakugeuka. Alikuwa na kifuniko cha sufuria, na kazi yake ilikuwa kukizungusha sakafuni, kukitazama mpaka kitulie, kisha kukizungusha tena. Tulipokuwa tukisoma silabi kwa sauti, wote pamoja, aliziba masikio na kuanza kulia.

Siku moja alilia kwa nguvu, akajigonga kichwa ukutani, akaangusha ubao. Wanakisomo wakanung'unika. Mzee mmoja akasema mtoto huyu ana laana, na wengine wakaitikia. Nikamwambia mama yule, "Mama, mtoto huyu umwache nyumbani."

Akaniuliza, "Nimwache na nani, mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Basi pumzika naye kwanza, mpaka atakapotulia."

Akakunja daftari lake ndani ya kanga, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Wiki mbili zilipopita bila kumwona, niliandika mbele ya jina lake katika kitabu cha mahudhurio: mtoro. Lakini yeye hakutoroka. Nilimtoa mimi.

Miezi kadhaa baadaye niliombwa kwenda kijiji kingine, chini kidogo, kukifundisha kikundi cha wazazi namna ya kuandika hesabu zao. Nilikuta watu 11 wamekaa chini ya mringaringa, ndani ya kihamba cha mmoja wao. Walikuwa akina mama 9, bibi mmoja, na mwanamume mmoja aliyekaa mbali kidogo na wenzake. Watoto walikuwa hapo hapo. Mmoja alikuwa akizungusha kifuniko cha sufuria.

Mama yake alisimama kunipokea. "Karibu, mwalimu," alisema. "Hapa mtoto hafukuzwi." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Kikundi kile kilikuwa cha wazazi wa watoto wenye usonji. Pengine neno hili ni geni kwako. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni hali ya ubongo kukua kwa namna yake tangu mwanzo wa maisha ya mtoto. Mwenye usonji hupata taabu kuelewana na wenzake kwa maneno, kwa macho na kwa ishara. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule. Sauti, mwanga, harufu, au nguo inayokwaruza, vitu ambavyo mimi na wewe hatuvijali, vinaweza kumuumiza kweli. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana, husoma, hufanya kazi na kuoa au kuolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kata yenye watu 12,700 inaweza kuwa na watu kama 100 wa namna hiyo. Jiulize umewaona wangapi. Mimi nilikuwa nimemwona mmoja, nikamtoa darasani.

Siku ile hatukufika kwenye hesabu. Nilikaa nikasikiliza. Kila mama alikuwa amewahi kuambiwa kwamba kosa ni lake. Mmoja alilaumiwa na ukoo wa mume kwamba hakutimiza mila. Mwingine aliuza mbuzi wawili kumlipa mganga, na mganga akataka wa tatu. Wa tatu mumewe alikwenda kutafuta kazi, hakurudi wala hakuandika. Mmoja alikuwa ameacha kuwapeleka wadogo wa mtoto yule kliniki, kwa sababu aliambiwa chanjo ndiyo iliyomharibu.

Habari hiyo ya chanjo, ndugu msomaji, ilienezwa na makala ya daktari mmoja wa Uingereza mwaka 1998. Baadaye makala ilichunguzwa, ikaonekana ina udanganyifu, na jarida lililoichapa likaifuta mwaka 2010. Usimnyime mtoto chanjo kwa sababu ya uvumi huo.

Wala usidhani kwamba kuwalaumu akina mama ni jambo la huku kwetu tu. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943. Baada ya hapo wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walidai kwamba chanzo ni wazazi wasio na upendo. Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kizima cha namna hiyo mwaka 1967. Kwangu mimi hiyo ni laana ile ile, ila imevaa suti. Waliopinga wa kwanza walikuwamo wazazi wenyewe. Mwaka 1962 wazazi walikutana London wakaanzisha chama chao. Mwaka 1965 Bernard Rimland, mtaalamu aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha chama cha namna hiyo Marekani. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walieleza uchunguzi wao wa jozi 21 za mapacha, na ikaanza kuonekana wazi kwamba usonji kwa sehemu kubwa hutoka katika damu ya ukoo, kama kimo au rangi ya macho. Hakuna mama anayeuleta kwa ukali wake.

Nilipowaeleza hayo wiki iliyofuata, bibi yule aliniomba nirudie habari ya London. Nikarudia. Akasema, "Kumbe na wazungu walikaa chini ya mti."

Sasa nikueleze wanafanya nini wanapokutana, maana watu hudhani ni kulia tu. Kulia kupo. Lakini siku moja nzima ilitumika kuzungumzia mfereji. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na hutoka nyumbani bila kuaga. Katika nchi nyingine imeonekana kwamba kuzama ni moja ya sababu kubwa za vifo vyao. Huku kwetu mifereji hupita katikati ya vihamba, na wakati wa masika maji huwa mengi. Wazazi wale walikubaliana kwenda wawili wawili kwa kila nyumba iliyo karibu na mfereji. Walimwonyesha jirani mtoto, wakamweleza: huyu hataitika ukimwita, usimpige, usimkimbize, mshike mkono umlete nyumbani. Kamati ya mfereji nayo ikaambiwa. Mama mmoja peke yake asingeweza kupiga hodi katika nyumba zote hizo. Angeona aibu, na angefukuzwa mahali pengine.

Siku nyingine walizungumza juu ya Desemba. Wewe unajua Desemba ya Uchagani. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, magari yanajaa, muziki unapigwa usiku kucha, mbuzi wanachinjwa, na kila mjomba anataka kumkumbatia mtoto. Kwa mtoto anayeumizwa na kelele na kupenda utaratibu ule ule, hiyo ni adhabu. Wakapanga kwamba nyumba mbili zisizotegemea wageni ziwe mahali pa kupumzikia, na mtoto apelekwe huko kelele zikizidi. Nilijaribu kuwauliza kama mpango huo umeandikwa. Wakanitazama. Nikaona ni bora nisiwasumbue na karatasi.

Mimi, kusema kweli, sipendi vikundi vinavyoanza na katiba, mhuri na ada. Kikundi hiki kilianza na mama wawili waliokutana kwenye benchi la hospitali. Ada ilikuja baadaye, kwa ajili ya nauli. Na ilipokuja, ugomvi nao ukaja. Fedha za nauli zilipungua na mtunza fedha akajiuzulu. Mama mwingine aliacha kuja baada ya binti yake kuanza kusema maneno machache. Nadhani aliona haya kuleta furaha yake mbele ya wenzake ambao watoto wao bado wako kimya. Walimfuata mara mbili. Hajarudi.

Sasa yule mwanamume. Yeye ni fundi wa redio, na hufanyia kazi nyumbani kwa sababu hawezi kukaa sokoni. Alikuja kwa ajili ya binti yake. Kwa vikao vitatu hakusema neno. Siku moja mama wa mtoto mwenye kifuniko alisema kwamba mvua ikianza kunyesha mwanawe hukimbilia nje, na kila akimrudisha ndani hulia kama anayechomwa. Yule fundi akasema, huku akitazama chini, "Ni mabati."

Tukanyamaza. Akaendelea polepole. Alisema yeye alipokuwa mdogo, mvua ikipiga juu ya bati aliisikia kama misumari ndani ya kichwa. Alikuwa akikimbilia migombani, kwa maana kwenye majani ya migomba mvua husikika kwa upole. Baba yake alimpiga, akisema mtoto gani mjinga anakimbia nyumba na kufuata mvua. Alipigwa pia kwa kutotazama wazee machoni na kwa kurudisha mkono nyuma waliposalimia. "Mnapoeleza watoto wenu," alisema, "mnanieleza mimi."

Hakuna daktari aliyempima fundi yule, na mimi siwezi kusema ana usonji au hana. Lakini kwa kuwa hali hii huenda katika ukoo, wako watu wazima wengi duniani waliojitambua siku mtoto wao alipopimwa. Watu wenye usonji wamekuwa na vikundi vyao pia. Jim Sinclair wa Marekani alishiriki kuanzisha kimoja mwaka 1992. Mwaka uliofuata aliwaambia wazazi waliokusanyika Toronto, Kanada, kwamba wasimwombolezee mtoto wao kana kwamba amekufa, kwa sababu yupo hai na anawasubiri. Maneno hayo yaliwakera wazazi wengine. Lakini ni nani mwingine angeyajua hayo kutoka ndani?

Kikundi kilimfanyia fundi mambo mawili. Hasalimiwi kwa mkono, jambo ambalo huku kwetu si dogo. Na mazungumzo ya Jumamosi hutangazwa kwake Jumatano, ili ajiandae. Yeye naye amekuwa mtu wa kuulizwa. Mama wa mtoto mwenye kifuniko alitundika mkeka wa majani ya migomba makavu chini ya bati, juu ya kitanda cha mwanawe. Kelele zimepungua kidogo.

Ukiwa na mtoto anayefikisha mwaka mmoja na haitiki jina lake, au aliyekuwa na maneno yakapotea, usingoje. Mpeleke kituo cha afya. Moshi kuna hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye madaktari wa watoto na wataalamu wanaofundisha shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kuoga. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia dawa hiyo anakuibia. Mafunzo ndiyo yanayosaidia. Kanisa la KKKT, Dayosisi ya Kaskazini, lilianzisha vituo vya kutwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili, na kipo kituo cha Gabriella ambacho hufundisha wazazi pia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma. Ukiambiwa shule haina mwalimu, uliza ofisi ya elimu ya wilaya, na ukiweza usiende peke yako. Watu watano husikilizwa upesi kuliko mmoja.

Nilimwomba mama yule msamaha na kumwomba arudi darasani. Alikataa. Alisema nihamishie darasa kwenye kikundi, na nimekubali. Tunasoma Jumamosi chini ya mringaringa, kwa sauti ndogo, mmoja mmoja. Yeye alitaka kwanza kusoma kadi ya hospitali ya mwanawe, hasa tarehe ya kurudi, maana mara mbili alishuka Moshi siku isiyo yake. Sasa anaisoma. Amejifunza pia kuchora picha kwenye vipande vya boksi: sahani, choo, kitanda, ndoo ya maji. Ndoo yake inafanana zaidi na chungu, na tulimtania.

Mtoto bado hasemi. Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukisoma, aliacha kifuniko chake chini, akaenda kwenye mfuko wa mama yake, akachambua vile vipande vya boksi. Akamletea ile ndoo. Mama aliweka kitabu chini, akamteka maji, akanywa.