Klima ya Motokari na Waya Yetu

Wengi wenu mliuliza kwa nini sisi watu sita wa darasa la tano mekanika tulikuwa tunavunja mawe siku ya posho wakati wengine walikuwa wanakwenda kuoga ku ziwa. Yalisemwa mengi kwenye internati, na mengine yalikuwa ya uongo. Basi tumeomba nafasi katika gazeti hili dogo ili tuyaeleze sisi wenyewe, tangu mwanzo.

Ilikuwa mwezi wa sita wa mwaka 2024, kiangazi kimekwisha kuingia. Ninyi mnajua barabara yetu ya Baraka wakati wa kiangazi. Kamiyo moja ikipita, mavumbi yanasimama hewani kama moshi wa tanuru la matofali, na mwenye kuja nyuma yake hawezi kuona mbele wala kuvuta pumzi. Motokari ya masomo ni Land Cruiser ya zamani. Inafanya kazi mbili: kuleta mizigo kutoka Uvira, na kupeleka wagonjwa wetu ku hospitali ya Nundu. Kuko watu wanasema klima ya motokari ni kiburi cha wakubwa. Sisi pia tulisema hivyo zamani. Lakini mwanzoni mwa mwezi ule msichana mmoja wa darasa la pili alishikwa na pumu usiku, na asubuhi wakampeleka Nundu. Wakifunga vioo, ndani inakuwa jiko. Wakifungua, mavumbi yanaingia yote. Mama Mwuguzi alifunika uso wa mtoto na kitenge kilichoroweshwa maji njia nzima. Walifika midomo ya mtoto imebadilika rangi. Alipona, Bwana asifiwe, lakini tangu siku ile hakuna aliyeita klima kiburi. Kila mtu aliuliza neno moja tu: nani ameiharibu?

Na jibu lilikuwa tayari. Mwezi wa tano, klima ilipoanza kupuliza hewa ya moto, Papa Shofere alipeleka motokari kwa fundi mmoja. Fundi yule hakufungua kitu. Alibonyeza kibonyezo, akasikiliza, akasema: "Kompresere imekufa. Na hii siyo ya kiwandani, kuna mtu alibadilisha." Akataka dola 450 kuleta ingine. Maneno haya yalifika ku masomo mbele ya Papa Shofere mwenyewe. Watu wakakumbuka kwamba mwezi wa nne alilala Uvira usiku mbili kwa sababu ya daraja. Wakahesabu: usiku mbili, kompresere moja. Kamati ikakata nusu ya mshahara wake, kwanza mwezi wa tano, kisha mwezi wa sita, mpaka dola zile zitimie. Hakufukuzwa, lakini watoto wadogo walianza kumwita Papa Kompresere. Mtoto wake analala internati pamoja nasi, kitanda cha tatu toka mlangoni.

Tuseme kweli: sisi tuliamini. Hatukuwa na sababu ya kutoamini.

Mwalimu wetu wa mekanika ndiye alikataa. Aliomba motokari siku moja ya posho ili iwe somo letu la klima, kwa maana ku daftari tulikuwa tumelisoma na hatukuelewa kitu. Kabla ya kuinua kifuniko cha motere alipaka spiriti ya wagonjwa kidogo kwenye mikono yetu, akapuliza. Baridi. Akauliza, "Baridi imetoka wapi?" Mmoja wetu akajibu imetoka ndani ya chupa, tukacheka. Lakini chupa ilikuwa na moto sawa na sisi. Spiriti inapokauka inageuka mvuke, na ili igeuke inachukua joto la ngozi. Ndiyo sababu mtungi unaotoka jasho unapoza maji ya kunywa. Klima haitengenezi baridi hata kidogo. Inachukua joto la ndani na kulitupa inje.

Kazi hiyo inafanywa na gazi inayoitwa R134a, ambayo ikiwa hewani inachemka kwenye digri 26 chini ya sifuri. Kompresere inaikaza mpaka inakuwa na moto mkali. Inapita ku kondansere, ile kama radiatere ya pili inayokaa mbele kabisa nyuma ya grili, inatoa joto lake kwa upepo na kuwa maji. Kisha inapita chupa ya kukausha, na tundu dogo sana, na baada ya tundu inapanuka na kuwa mvuke ndani ya evaporatere, chini ya dashibodi. Pale ndipo inakula joto la hewa ya ndani. Halafu inarudi ku kompresere, mzunguko unaanza tena. Tuliandika haya yote kwa mkaa juu ya ukuta wa gereji, na bado yako pale.

Sasa kutafuta. Mwalimu alisema: "Musitafute mwenye kosa. Mutafute kosa." Tukawasha motere na kufungua klima. Upepo unatoka kwa nguvu lakini wa moto. Basi kipeperushi cha ndani ni kizima. Tukaangalia kompresere: puli inazunguka na mkanda, lakini sahani ya katikati imesimama. Ile sahani inashikwa na sumaku ya umeme, na ukibonyeza klima inapaswa kulia *tak* na kuzunguka pamoja na puli. Haikulia. Yule fundi aliona hilo tu, akaita kifo.

Tukatoa fizibule: nzima. Tukatoa rele ya klima na kuiweka mahali pa rele ya honi, maana zinafanana. Honi ikalia mpaka kuku wakakimbia, basi rele nzima. Tukapima umeme kwenye waya ya kompresere: hakuna. Ndipo Mwalimu alichukua waya toka bateri na kugusisha ku sumaku, sekunde moja tu. *Tak!* Sahani ikazunguka na puli, laini, bila kelele. Tukapiga mikono. Maiti imefufuka, mmoja akasema, na Mwalimu akamkemea kwa kuchezea Neno.

Hakuturuhusu kuiacha izunguke, kwa maana mafuta ya kompresere yanatembea pamoja na gazi, na bila gazi ingeungua kweli. Kisha akatuambia tutazame bulo zake. Tulileta taa. Juu ya bulo zote kulikuwa na matope ya zamani yaliyokauka kama saruji, na kutu moja, na hakuna alama ya ufunguo hata kwenye moja. Kompresere ile haijaguswa na mkono wa mtu kwa miaka. Hapo hatukupiga mikono. Tulifikiri juu ya kitanda cha tatu toka mlangoni.

Kama kompresere ni nzima na fizibule ni nzima, nani anazuia umeme? Kuko kifaa kidogo kwenye bomba kinachopima presiyo. Presiyo ikishuka sana kinakata umeme ili kompresere isijiue. Tukaenda kwa fundi wa frigo pale muji, muzee mpole, akaja na saa zake mbili, ya buluu na nyekundu, na kile kichwa cha kuunganisha ku motokari. Motere ikiwa imezimwa, siku yenye joto la digri 30, klima yenye gazi ya kutosha ingeonyesha karibu bari 7 pande zote mbili. Mishale ilikaa karibu na sifuri. Gazi imekwenda. Muzee akasema kuongeza gazi bila kuziba tundu ni kumwaga maji ndani ya kitunga, na wako watu wanaolipa kazi hiyo kila mwaka.

(Gazi hii haiharibu ozoni kama ile ya zamani, R12, iliyoachwa kwa sababu ya mapatano ya Montreal ya mwaka 1987. Lakini uzito uleule wa R134a unapasha dunia joto mara zaidi ya elfu moja kuliko gazi ya moshi wetu, na ndiyo sababu mataifa yalipatana kuipunguza, hapo kwa jirani zetu Kigali, mwaka 2016. Sisi tulikuwa tumekwisha kuimwaga yote barabarani bila kujua.)

Gazi ikitoka inabeba mafuta kidogo, na katika inchi ya mavumbi mafuta hayawezi kujificha. Motokari yote ilikuwa na mavumbi makavu, yanapanguswa na kidole. Lakini mbele, kando ya kondansere, kwenye bomba la aluminiumu, kulikuwa na doa jeusi limenata kama uji, kubwa kama kiganja. Tukapaka povu la sabuni. Povu likavimba polepole, likapasuka, likavimba tena. Hapo hapo, imezunguka bomba na grili pamoja, kulikuwa na kipande cha waya ya kufungia, imesokotwa mara tatu kwa koleo.

Mwalimu akauliza: "Nani alifunga hii?"

Tulinyamaza. Kila mmoja wetu sita aliijua waya ile. Siku ya Pasaka kwaya ilipanda Fizi, na sisi tulifunga kitambaa cha kwaya mbele ya motokari ili watu wa njiani wasome. Kamba hazikutosha. Papa Shofere alisema tusifunge chochote ku grili. Alipokwenda kunywa chai, tukafunga. Mlima wote wa Fizi, kupanda na kushuka, waya ilikuwa inakwangua bomba. Kitambaa tulikitoa tuliporudi. Waya ilikuwa ngumu, tukaiacha.

Mwalimu hakuuliza mara ya pili. Alisema tutaendelea siku ya kwanza, akaenda.

Usiku ule hatukulala. Mmoja wetu alishauri tuitoe waya na kuitupa ku choo. Maneno yake yalikuwa na akili: Mwalimu atasema ni jiwe lilipiga bomba, Papa Shofere atakuwa huru, sisi pia huru, nani ameumizwa? Wanne walikubali. Tunaandika hesabu hii kwa sababu ni kweli: wanne kati ya sita. Tulibishana kwa sauti ya chini, na mmoja akasema kwamba kama jiwe lilipiga bomba, basi Papa Shofere atakuwa mtu aliyeendesha vibaya, hatakuwa mwizi tena lakini kosa litabaki lake. Kisha tukasikia kitanda cha tatu kinalia. Yule mtoto alikuwa macho. Hatujui alianza kusikia wapi.

Siku ya yenga baada ya ibada tulikwenda kwa Bwana Prefe. Alitusikiliza, akaita Mwalimu, akaita Papa Shofere. Tulisema yote mbele yake, na chai pia. Alikaa akiangalia kofia yake. Akasema: "Bana wangu, miezi mbili naingia ndani ya nyumba yangu kama mwizi. Bibi yangu aliniuliza pesa ya kompresere nimeweka wapi." Hakusema lingine. Tulimwomba masamaha, akaitika kwa kichwa.

Mawe ndiyo malipo yetu, ya kununulia bomba. Mwezi wa saba bomba lilitengenezwa Uvira, wakabadilisha chupa ya kukausha, wakavuta hewa yote kwa masini, wakaweka gazi kwa kilo ndogo, kufuata kipimo kilichoandikwa chini ya kifuniko. Gharama yote haikufika hata nusu ya zile dola 450. Tuliporudi ku masomo mwezi wa tisa, Mwalimu aliweka termometre ya fizika kwenye tundu la hewa: inje digri 31, tunduni 9.

Papa Shofere alirudishiwa pesa ya mwezi wa tano. Ya mwezi wa sita Bwana Prefe alisema itatoka pamoja na mishahara ya mwezi wa kumi, na sisi tuliuliza mara mbili. Papa Shofere anatusalimia. Lakini kila siku ya posho tunapoosha motokari anakuja kusimama mbele ya grili, anapitisha mkono pande zote za bomba, pole pole, kisha anatuonyesha mikono yetu tuifungue, aone kama hatushiki kitu.